Taya kukaza na ulimi kutoka nje baada ya sindano ya kuzuia kutapika

Swali: Daktari, binti yangu wa miaka 17 alichomwa sindano ya metoklopramidi (Plasil) kwa sababu ya kutapika. Jioni taya likamkaza upande, ulimi ukatoka nje, shingo ikapinda. Alikuwa anatusikia vizuri. Jirani anasema degedege, mwingine pepopunda. Dawa ya kutapika inafikaje kwenye ulimi?

Jibu: Pole, mama. Degedege la mwili mzima humpotezea mtu fahamu, naye alikuwa anawasikia. Pepopunda hubana meno kwa siku nyingi mfululizo wala haisukumi ulimi nje. Maelezo yako yanaonyesha distonia ya ghafla iliyoletwa na dawa, yaani misuli kukaza na kupinda yenyewe bila mtu kutaka.

Misuli ya taya huamriwa na kiini cha neva ya tano kwenye shina la ubongo, na ulimi huamriwa na kiini cha neva ya kumi na mbili, chini zaidi. Mdundo wa kutafuna huanzia hukohuko kwenye shina. Lakini ruhusa hutoka juu, kwenye mafundo ya seli yaliyo ndani kabisa ya ubongo: striatamu, globasi palidasi na sabstansia nigra. Kazi yao kubwa ni kuzuia. Huachia harakati inayotakiwa na kubana nyingine zote. Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, ndiyo husawazisha kuachia huko.

Metoklopramidi hufunga vipokezi vya D2, yaani sehemu za seli zinazopokea dopamini, katika eneo la ubongo linaloamsha kutapika, ila hupenya hadi striatamu pia. Dopamini ikizibwa huko, asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe, huzidi nguvu. Misuli ya kufungua na ya kufunga taya hukaza kwa pamoja, na ulimi hujisukuma wenyewe. Vijana ndio hupatwa zaidi, kwa kawaida ndani ya siku 3 za mwanzo.

Tiba huzuia kazi ya asetilikolini: prometazini miligramu 25–50 kwenye msuli, au biperideni. Taya huachia ndani ya nusu saa hivi, kisha hutolewa benzeksoli ya kumeza siku 2 au 3, maana distonia hurudi sindano ikiisha nguvu. Msimchome nyumbani. Akikoroma au kushindwa kuvuta pumzi, koo nalo limekaza: mkimbizeni hospitali hapohapo.

Andikeni kwenye kadi yake kwamba metoklopramidi haimfai, wala haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayofunga vipokezi hivyohivyo, isitolewe bila tahadhari. Akitapika tena, ombeni ondansetroni, isiyogusa vipokezi vya dopamini.