Mwanangu, kuhusu kustaafu na jalidi ya Aprili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Swali lako ni moja: je, nitaacha kufundisha mwaka huu wa masomo ukiisha, au nitaongeza mwingine kama nilivyofanya mwaka jana? Umesema wewe na dada yako mnataka ndiyo au hapana ili mpange mambo yenu. Ni haki yenu. Basi vumilia, jibu litakuja, ila halitapita njia uliyoichora.

Wiki iliyopita watu walitembea bila makoti. Leo asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari. Katikati ya siku hizo mbili, matumba ya mitufaha yameanza kuonyesha wekundu, na mimi sina raha nayo. Unanijua. Wenzangu shuleni wakifungua madirisha na kusema baridi imekwisha, mimi hunyamaza. Baridi haiui kwa ukali wake, huua kwa wakati wake. Mlinisikia nikiyasema maneno haya tangu mkiwa wadogo, hadi mkawa mnaniigiza mezani. Nayasema tena.

Mtufaha ukiwa umelala katikati ya majira ya baridi, matumba yake hustahimili hata nyuzi 25 chini ya sifuri bila kudhurika. Yakishafunguka na kuwa maua, nyuzi 2 tu chini ya sifuri zinatosha kuua ua moja katika kila kumi, na zikifika 4 yanabaki machache sana. Mti ni uleule. Kinachobadilika ni wakati. Joto la Machi linauambia mti uvue ulinzi wake wote, kisha Aprili inaukuta uchi. Ndiyo maana majira ya kuchipua yananitia wasiwasi kuliko baridi yenyewe: jua limeshapanda na kuipasha ardhi, lakini kule kaskazini hewa bado ni ya Januari, na ule mkondo wa upepo wa juu sana angani unaozitenganisha hewa hizo mbili hujipinda huku na huku. Ukijipinda upande mmoja tunapata siku za jua. Ukijipinda upande wa pili, baridi inashuka kwetu usiku mmoja na kuleta jalidi, ile baridi inayogandisha.

Nawe unajua ninazungumzia nini, kwa sababu ile picha ya ukumbini ambapo umekaa mabegani kwa babu yako chini ya maua meupe ilipigwa mwaka ule. Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Watu husema ni picha nzuri. Ni nzuri kweli. Siku chache baada yake hapakuwa na ua hai hata moja katika mti ule.

Babu yako alikuwa amestaafu mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kiinua mgongo chake chote, chote kabisa, alikitia kwenye lile shamba la mitufaha, na kilichopungua akakopa. Machi ikaja na joto. Alifurahi kama mtu aliyekuwa akisubiriwa. Kila jioni alikuwa akinipigia simu kunieleza mstari upi umechanua. Mimi nilikuwa nikitazama utabiri, na nikamwambia: upepo ukitulia na anga likawa jeupe bila wingu, tuwe macho. Usiku wenye mawingu hauna neno, kwa maana mawingu hurudisha chini sehemu ya joto linalopaa kutoka ardhini. Usiku mweupe usio na upepo ndio wa kuogopwa, joto lote linapotea juu.

Ukaja usiku huo. Tulienda wote, mimi, baba yako na mjomba wako, tukawasha pampu na kunyunyizia miti maji hadi alfajiri. Majirani walidhani tumerukwa na akili, kumwagia maua maji katika baridi ile. Lakini maji yakiganda hutoa joto, kilo moja hutoa takriban kilojuli 334, na maadamu maji mapya yanaendelea kuja, ua lililo ndani ya barafu hubaki karibu na sifuri, halishuki zaidi. Nimelifundisha somo hilo maisha yangu yote ya kazi. Usiku ule nilisimama gizani nikitazama matawi yakivaa vioo na nikasema moyoni, tazama, ni kweli.

Jua lilipochomoza mjomba wako akazima pampu. Barafu haikuwa imeyeyuka.

Hapo ndipo ugomvi wetu wa kila sikukuu ulipozaliwa, ule mnaoukimbia mkienda kuosha vyombo. Maji yakikauka hunyonya joto zaidi ya mara saba ya lile yanayotoa yakiganda. Ukiacha ua limelowa huku hewa bado ni ya baridi na upepo wa asubuhi umeanza, unalipoza zaidi kuliko kama usingelinyunyizia chochote. Mjomba wako anasema maua ya chini yalikuwa yameshakufa usiku, kwamba vinyunyizio vya mistari ile vilikuwa vimeganda na kuziba kabla hata ya alfajiri. Kuhusu kuziba, ni kweli, nilikiona kimoja kwa macho yangu. Je, vyote? Sijui. Baba yako naye husema kosa halikuwa la pampu, lilikuwa la Machi. Sitatoa hukumu hapa, ingawa Mungu anajua ninayo.

Babu yako alitembea mstari hadi mstari akipasua maua kwa ukucha. Ua lililokufa linaonekana zima kwa nje, jeupe vilevile, ila ukilipasua katikati pamekuwa peusi. Alipasua mengi sana. Kisha akafunga vifungo vya koti lake akasema, "Kesho nitawaomba wanirudishe kazini." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akaenda kweli. Nafasi yake ilikuwa imeshajazwa, wakamwambia watamwita ikipatikana nyingine.

Lile eneo la mwinukoni lilipona, kwa sababu hewa baridi ni nzito, hutiririka na kujikusanya bondeni. Matufaha ya mwaka ule yalitoka pale tu. Hayakutosha kulipa deni. Kabla ya majira ya joto kwisha, babu aliuza nusu ya shamba, ile ya chini. Na mwaka uliofuata, mwanangu, hakukuwa na jalidi. Mitufaha ya chini, kwa kuwa ilikuwa imepumzika, ilizaa hadi matawi yakategemezwa kwa nguzo. Ilizaa ikiwa ya mtu mwingine. Babu alikuwa akipita njia ile kila siku.

Hilo ndilo ninalolikumbuka unaponiuliza kuhusu kustaafu. Jalidi ile ingemkuta mwaka wa tano, angetikisa kichwa na kuendelea. Ilimkuta mwaka wa kwanza, hana akiba ya pembeni, ikamlazimisha kuuza wakati kitu kiko chini. Baridi haiui kwa ukali wake.

Na si miti tu. Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuihesabu. Chukua watu wawili, kila mmoja ana mia moja katika mfuko wa hisa, na kila mwisho wa mwaka anatoa kumi za kuishi. Wa kwanza anaanza na mwaka mbaya: mfuko unapungua asilimia 20, mwaka wa pili unaongezeka asilimia 10, wa tatu unaongezeka 30. Wa pili anapata miaka ileile mitatu ila kwa kinyume, mzuri kwanza na mbaya mwisho. Kama hakuna aliyetoa kitu, wote wangekuwa na 114 na kidogo. Lakini kwa kuwa wanakula humohumo, wa kwanza anabaki na 77 na wa pili karibu 88. Miaka ni ileile, mtu ametofautiana na mwenzake kwa mpangilio tu. Panua jambo hilo kwa miaka thelathini uone. Mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alikagua historia ya masoko ya nchi yake mwaka 1994 akaona kwamba mtu aliyetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kulingana na mfumuko wa bei, hakuishiwa ndani ya miaka thelathini. Na aliyeponea chupuchupu katika hesabu zake ni yule aliyestaafu katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, kwa sababu masoko mabaya na bei za kupanda zilimpokea mlangoni.

Sasa utaniambia, mama, basi subiri mwaka ulio salama. Nami nimejiambia hivyo, ndiyo maana mwaka jana niliongeza. Lakini mwaka ulio salama unautambuaje? Mwaka 2012 kule jimbo la Michigan, Marekani, Machi ilikuwa na siku mfululizo za joto la majira ya kiangazi, miti ikachanua mapema mno, Aprili ikaganda, na karibu tisa ya kumi ya matufaha ya jimbo zima ikapotea. Mwaka 2021 Ufaransa ilimaliza Machi kwa joto la kuvunja rekodi, na wiki moja baadaye wakulima walikuwa wakiwasha mioto usiku kati ya mizabibu. Waziri wao wa kilimo alisema huenda ndilo janga kubwa kuliko yote ya kilimo tangu karne hii ianze. Wale si watu wasiojua kazi yao.

Na mimi, mwalimu wa fizikia, ndiye wa mwisho anayepaswa kungoja uhakika. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi habari ya Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, ambaye mwaka 1961 alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127, na hewa iliyotoka upande wa pili haikufanana tena na ile ya kwanza hata kidogo. Watoto hufungua macho. Utabiri wa siku tano nauamini. Ukipita wiki mbili, siku kwa siku, hakuna mtu wa kukuambia kitu cha kushika. Kama mbingu ziko hivyo na kanuni zake tunazijua, je, soko la hisa? Je, magoti yangu? Kungoja nako ni kuchagua mwaka, ila mtu anajifanya hajachagua.

Usinitajie pia habari ya umri, kwamba umefika. Kansela Bismarck alipoianzisha pensheni ya uzee Ujerumani mwaka 1889 umri uliwekwa miaka 70, ukashushwa hadi 65 mwaka 1916, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Ni watu waliokaa mezani wakapanga. Mwili wangu haukualikwa.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloigeuza hoja yangu yote. Wale waajiri wa babu walimpigia simu kweli, mwaka uleule, majani yalipoanza kupukutika. Nafasi imepatikana, njoo. Nilikuwepo. Aliwashukuru, akasema hapana, ana miti ya kupogoa. Nusu ya shamba imekwenda, deni ndiyo kwanza limekwisha, na alikataa! Alikaa na ile nusu ya mwinukoni hadi mwisho wa maisha yake, na sikuwahi kumsikia akisema angengoja mwaka mmoja zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema kwa niaba yake miaka yote hii. Labda lililokufa asubuhi ile lilinikaa mimi kuliko yeye. Lakini tena, alikuwa akipita kila siku kwenye ile nusu iliyouzwa, na nilimwona anavyoitazama. Sijui nikuambieje.

Haya, ya vitendo. Nimekwisha zungumza na baba yako, na tunatenga matumizi ya miaka mitatu nje ya hisa kabisa, mahali ambapo soko likianguka halifiki. Pesa hizo hazitazaa sana, najua, na najua utaniletea jedwali la kunionyesha ninapoteza kiasi gani. Lilete. Sitazigusa. Babu angekuwa na hizo asingeuza hata mti mmoja. Mkuu wa shule naye amenipa nafasi ya kufundisha nusu ya vipindi mwaka ujao. Nimemwambia nitamjibu kabla ya mwisho wa Mei, jalidi zikishapita.

Ndiyo au hapana, ulisema. Ukinibana sana ningekuambia ninaegemea… hapana, siandiki, kwa sababu nikiandika dada yako atalisoma kwa sauti mbele ya watu na litakuwa limekwisha. Mei. Nipeni hadi Mei.

Baba yako anakusalimu. Mjomba wako usimwonyeshe barua hii. Au mwonyeshe, sehemu ile ya vinyunyizio kuziba tu, aone kwamba nimeiandika.

Mama yako