Mtumbwi mtupu nao ni takwimu

Nimemaliza kupitia fomu za tathmini ya mavuno walizoleta vijana wapya wa kukusanya takwimu kutoka mialoni, yaani wavuvi wanakoshushia samaki, huku kwetu Mwanza, na kila mtumbwi umejaa samaki. Kila mmoja! Ziwa lingekuwa hivyo kweli, wavuvi wasingekuwa wanahangaika na mikopo ya mashine. Wadogo zangu, nawapenda, lakini leo mtanisikiliza.

1. Tumieni penseli. Wino ukikutana na alkoholi unayeyuka, unabaki na samaki asiye na jina. Na lebo inaingia ndani ya chupa, haibandikwi nje.

2. Urefu jumla unaishia ncha ya mkia. Ukiishia shina la mkia kwa sangara mmoja na ncha kwa mwingine, halafu vyote ukaviweka safu moja, sangara halali wa sentimita 50, kipimo cha chini kisheria, anageuka kuwa mdogo, na hakuna atakayejua mkia ulipotelea wapi.

3. Angalieni mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Ukienda wakati wa mbalamwezi utakuta nyavu zimeanikwa na vijana wanacheza drafti, kisha urudi ofisini uandike dagaa wamepungua. Mzee mmoja wa BMU, kikundi cha wanajamii wanaosimamia uvuvi mwaloni, aliwahi kuniuliza kama ofisi yetu haina dirisha.

4. Mtumbwi mtupu. Hapa nina deni langu.

Nilipoanza kazi nilikuwa nafuata harufu. Mtumbwi ukifika na akina mama wakaukimbilia na mabeseni, nami nakimbia na mzani wangu. Ukiingia mwingine kimyakimya, mabaharia wamenuna, wanakung'uta nyavu bila kumsalimia mtu, naupita. Niliona aibu. Utamuulizaje mtu aliyekesha ziwani, kachoma petroli ya mkopo, karudi mikono mitupu, eti "umepata kilo ngapi, kaka?" Na niliamini kabisa kwamba hapakuwa na cha kuandika. Wachache niliowahoji kwa kujikaza, kisanduku cha kilo nilikiacha wazi. Sikuandika 0.

Sasa fanyeni hesabu. Mitumbwi 10 imerudi: 6 ina kilo 20 kila mmoja, 4 haina kitu. Wastani ni kilo 12. Kwa mtindo wangu ni 20, maana kompyuta hairuki sifuri, inaruka kisanduku kilicho wazi. Wastani huo unazidishwa kwa idadi ya mitumbwi iliyopatikana kwenye sensa ya uvuvi, ukitoa ile isiyoingia ziwani, kisha kwa siku za uvuvi za mwezi. Uvivu wa asubuhi moja mwaloni unakuwa tani kwenye ripoti.

Tukapeleka matokeo kwa wavuvi. Nimesimama mbele na chati inayopanda, nimevaa na shati la kunyoosha. Mama mmoja mchuuzi wa sato akanyoosha mkono: "Mwanangu, hao samaki umewapimia ziwa gani? Tuambie tuhamie." Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Bosi wangu hakucheka. Alinirudisha kwenye fomu za karatasi nitenganishe visanduku vitupu: kipi ni mvuvi aliyekosa, kipi nilisahau kupima, kipi mvua ilinikimbiza. Nilikaa nazo, nikazigeuza, nikanusa hadi madoa ya magamba. Sikuweza kukumbuka. Takwimu za robo nzima ya mwaka zikatupwa, na kwa muda mrefu kila nikishika kalamu ofisini kuna mtu aliniuliza, "Tuhamie?"

Kwa hiyo chagueni mitumbwi kabla haijafika. Amueni kila wa tatu, na wa tatu akiwa mtupu ndiye huyohuyo. Andikeni 0 ya duara. Kistari si sifuri, na "hakuna" nayo mniachie.

5. Ulizeni mboga. Kabla ya mzani kuna samaki waliokwisha gawiwa mabaharia, na wengine wameuzwa majini kwa mtumbwi wa kukusanya. Ulizeni baadaye kidogo, baada ya salamu na habari za upepo. Ukianza na "nyavu zenu zina matundu inchi ngapi?" utatajiwa saizi ya kisheria huku timba, yaani wavu haramu, imelala chini ya turubai.

Tena msije mwaloni kwenye gari moja na watu wa doria. Niliwahi kuona chati ya urefu wa sangara inaanza 50 kamili, imenyooka kama imekatwa kwa mkasi. Wadogo wote walikuwa wameshapitishwa nyuma ya vibanda wakati mkusanya takwimu anapewa kiti.

6. Toeni uzito wa beseni. Na ndoo ya dagaa pimeni wenyewe, msiambiwe "ni ileile ya jana". Dagaa waliolowa na dagaa waliochujika maji si kilo sawa.

7. Sampuli hailiwi. Sato akipungua kwenye kasha la barafu, mimi namtafuta aliyenunua ndimu.

Waliopangiwa Ukerewe wiki ijayo, gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi kivuko. Atakayechelewa atapanda basi na ubao wake wa kupimia, na nauli ya ubao atajilipia.