Waulize Mafundi: Sketi ya matembezi ya 1896

Swali. Assalaamu alaykum mafundi. Skuli yetu inatayarisha mchezo wa kuigiza juu ya Zanzibar ya 1896, na mimi nimepewa kushona nguo ya kutokea ya bibi wa Kiingereza. Nimeshona sketi ya vipande vitano kwa poliesta nyeusi. Mwigizaji akitembea inamganda miguuni. Mwenzangu ananiambia nitie mto nyuma, ndani ya sketi, uiinue. Nifanyeje?
*Msomaji, Wete*

Jibu. Wa alaykumu ssalaam, dada. Mto uache. Mto mkubwa wa nyuma ni wa miaka ya 1870 na 1880. Kufika 1896 ulikuwa umeshapitwa. Sketi ya mwaka huo hulala bapa tumboni na nyongani, marinda yote yako nyuma, na chini hufunguka kama kengele.

Kwa kiuno cha sentimita 70 na urefu wa 100, kipande cha mbele kiwe 18 juu na 56 chini. Vya ubavuni viwili, kila kimoja 20 juu na 70 chini. Vya nyuma viwili, kila kimoja 25 juu na 75 chini. Ongeza 1.5 ya mshono kila upande, na ya pindo chini. Vile vya nyuma uvikunje marinda mpaka kila kimoja kibaki 6 kiunoni, ndipo 70 inatimia. Mpasuo wa kuvalia, sentimita 25, uwe katikati ya nyuma, marinda yataufunika. Mita 3.5 za kitambaa cha upana wa 150 zinatosha pamoja na mkanda wa kiuno.

Poliesta yako ni nyepesi mno, na ikisuguana na nguo ya ndani hunasa. Chukua kaki ya pamba au kitani kizito. Wanawake wa zama zile walivaa kitani na pamba penye joto, kwa hiyo historia hujaivunja, na mwigizaji wako hatozimia jukwaani.

Lakini hata kaki itaganda bila sketi ya ndani, na hapa ndipo wengi wanapobania kitambaa. Ishone kwa marekani, fupi kuliko ya juu kwa sentimita 4, chini iwe na mzunguko wa 240. Ongeza rinda la kimo cha 20, lililokatwa mita 4.2 na kuvutwa uzi likae kwenye hizo 240. Rinda hilo ndilo linaloisukuma sketi mbali na miguu. Litie wanga wa muhogo: vijiko viwili vya chakula, koroga kwanza kwa maji baridi kidogo, kisha mimina maji yanayochemka upate lita moja, ukikoroga mfululizo. Ukianza na maji ya moto utapata madonge, na madonge huacha mabaka meupe kwenye pasi. Siku za mvua wanga hulegea kwa unyevu, basi piga pasi siku ileile ya mchezo. Mkimaliza, ufue wote utoke kabla ya kuweka sandukuni, mende wanaupenda.

Swali. Sketi yangu nilipoipinda ilikuwa sawa. Baada ya siku mbili imeshuka nyuma, na pindo limejikunja mawimbi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Mji Mkongwe*

Jibu. Umepinda mapema. Kila kipande, upande unaoelekea mbele hukatwa sawa na uzi wa kitambaa, na unaoelekea nyuma huwa mshazari. Mshazari ukining'inia hurefuka. Unapounganisha, upande wa mshazari uweke chini, kwenye meno ya cherehani, usivutike. Kisha tia mkanda wa kiuno, itundike siku nzima, ndipo upime.

Pima mvaaji akiwa na viatu na sketi ya ndani. Simamisha rula sakafuni, tia alama ya chaki sentimita 5 kutoka chini, mzunguko mzima. Hiyo ndiyo tofauti ya sketi ya kutembelea na ile ya kuburura.

Mawimbi yametokana na kukunja pindo pana kwenye ukingo wa duara: ukingo wa juu ni mrefu kuliko pale unapolazwa. Fumua. Kata bitana ya pindo kutoka kitambaa kigumu, upana wa 13, kwa umbo lilelile la chini ya kila kipande. Ukikata utepe ulionyooka, mawimbi yatarudi. Ishone ukingoni, igeuze ndani, ilaze kwa mkono kwa mishono isiyotokeza nje.

Mwisho shona utepe mnene wa pamba, mita 3.7, kwa ndani ya ukingo, utokeze milimita 2 tu chini. Aliyewahi kuona ukingo wa buibui uliochakaa kwa kusugua mawe ya vichochoro atafahamu kazi yake: utepe ulike, sketi ibaki. Uroweke maji ya moto na kuupiga pasi kabla ya kuushona, la sivyo utarudi ukifuliwa na kuvuta pindo zima.

Swali. Mikono ya blauzi ya 1896, ile ya kufura begani, imeanguka, ingawa nimetia kitambaa kingi.
*Msomaji, Chake Chake*

Jibu. Wingi wa kitambaa ni uzito tu. Kata neti ngumu sentimita 15 kwa 60 kwa kila mkono, uikunje mara mbili kwa urefu, vuta uzi upande wa kingo zilizo wazi na uishike kwenye mshono wa bega, upande wa juu tu. Na usizidishe ukubwa: mikono hiyo ilifikia upeo wake kama 1895, baadaye ikaanza kupungua.