Taa nyekundu ya oili ikiwaka, usiendelee na safari

Ndugu, unauliza kama utafika Dodoma kutoka Morogoro huku taa nyekundu yenye alama ya birika inawaka. Usijaribu. Inakuambia presha ya oili imeshuka, na injini ikizunguka bila presha hiyo vyuma vinasagana. Inaweza kunoki ndani ya dakika chache. Paki pembeni, zima injini mara moja, weka pembetatu, subiri kama dakika 10, kisha chomoa stiki ya kupimia oili uangalie kiwango. Kikiwa chini, ongeza oili ya aina ileile. Ukiwasha injini na taa isizimike, zima tena, gari livutwe hadi kwa fundi, hata kama stiki inaonyesha imejaa. Huenda ni pampu, huenda ni swichi ya presha tu, ile inayowasha taa (bei rahisi hiyo), lakini apime fundi. Taa nyingine, ile ya njano yenye alama ya injini, unaweza kuivumilia mpaka gereji, mradi isiwe inawaka na kuzima.