Kabla gari la wagonjwa halijafika
Umeuliza wahudumu wa kujitolea vijijini wana faida gani ikiwa gari la wagonjwa litakuja. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua wala kuushtua moyo kwa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10, na gari hilo huenda liko mbali. Jirani aliyefunzwa hupiga magoti, huweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzake akibandika vibandiko vya mashine ya kushtua moyo, ambayo yenyewe hutoa maelekezo kwa sauti. Kinachosahaulika mno, kwa maoni yangu, ni kukagua betri na vibandiko, kwani vyote huisha muda.