Kumpokea kaka anayetoka wodi ya akili

Pole, dada. Kaka yako anaruhusiwa baada ya miezi 8 wodini na hujui uanzie wapi. Asitoke bila karatasi yenye majina ya dawa, dozi, na miadi ya kliniki ndani ya siku 7. Hizo wiki za mwanzo ndizo hatari, maana wodi imeshamaliza na kliniki haijaanza.

Kama anatumia klozapini (dawa ya ugonjwa mkali wa akili), akiikosa zaidi ya saa 48 usimrudishie dozi ileile. Daktari humwanzisha upya kidogokidogo, la sivyo presha inaweza kushuka ghafla. Andikeni naye dalili zake za awali za kuugua tena: kukesha, kujifungia, kukataa chakula. Akitaja kujiua, au sauti anazozisikia kichwani zikimwamuru, mpeleke dharura usiku huohuo, usingoje miadi.