IndyCar 2025: maswali yenu kuhusu Palou, Penske na mbio za Indianapolis

Tangu niguse msimu wa 2025 wa IndyCar, ile ligi ya mbio za magari ya Marekani, meseji zenu haziishi, kuna zenye hoja na kuna za kunichokoza tu, kwahiyo leo nimeokota chache nazijibu moja moja. Zile za "nipe gari la kubeti" nimeziruka makusudi.

"Mkuu hii si ndio ile ya kuzunguka duara masaa matatu mpaka mtu anaona kizunguzungu?" (mdau wa Arusha)

Hapana kaka, hapo umechanganya. 2025 zilikuwa mbio 17 na za duara zilikuwa sita tu: Indianapolis 500 (ndiyo Indy 500, ile kubwa kuliko zote), Gateway, Iowa mbili, Milwaukee na Nashville. Nne zilikuwa za mitaani kabisa, yaani wanafunga barabara za mji wanaweka kuta za zege, St. Petersburg, Long Beach, Detroit na Toronto, halafu zilizobaki ni sakiti za kona kona kama Road America na Laguna Seca. Dereva akitaka ubingwa inabidi ajue zote tatu, na hicho ndicho kinachonifanya niipende kuliko hata F1 (Formula One), msinipige mawe.

Kitu kingine watu hawajui ni kwamba gari zote bodi yake inatoka kiwanda kimoja, Dallara, injini ni Honda au Chevrolet, V6 ya lita 2.2 yenye turbo mbili, matairi wote Firestone, na tangu Julai 2024 zina mfumo wa haibridi, yaani injini inasaidiwa na umeme. Timu ikiwa na hela haiwezi kwenda kutengeneza gari lake la ajabu. Zinapishana kwenye vitu kama shokapu, setingi, mafundi wa piti (pale gari linaposimama kujaza mafuta na kubadili matairi) na kichwa cha anayepanga mahesabu.

"Palou kashinda mbio 8 peke yake, sasa hapo utamu uko wapi? Si ilikuwa inaboa?" (msomaji wa Mombasa)

Ukiangalia matokeo tu kwenye simu, ndio inaboa. Álex Palou, Mhispania wa timu ya Ganassi, alishinda tano kati ya sita za mwanzo, na ile moja aliyokosa, Long Beach, alikuwa wa pili nyuma ya Kyle Kirkwood. Ubingwa aliufunga Portland tarehe 10 Agosti zikiwa zimebaki mbio mbili, na mwisho wa msimu alikuwa na pointi 711 huku Pato O'Ward wa pili akiwa na 515. Hiyo sio tofauti, hilo ni bonde.

Lakini angalia anavyoshinda sasa. Palou mara nyingi sio yule mwenye kasi ya kutisha kuanzia mwanzo, ni mtu wa kukaa nyuma yako ametulia, anatunza matairi, anabana mafuta, halafu wewe ukianza kuhema yeye ndio anaanza kazi. Kule Thermal, California, O'Ward aliongoza sehemu kubwa ya mbio na ungesema kazi imeisha, jamaa akaja na matairi yake yaliyo kwenye hali nzuri akala ule upungufu wote kidogo kidogo na kumpita ikiwa imebaki mizunguko kama kumi. Wala hakukuwa na fujo, hawakugusana hata. Kwenye IndyCar kujaza mafuta katikati ya mbio kunaruhusiwa (F1 walishaacha tangu 2010), kwahiyo kila timu inapiga hesabu: tusimame mara mbili twende taratibu, au tusimame mara tatu tukanyage? Hapo ndipo mbio zinapoamuliwa, na ukiwa unaangalia nani kampita nani tu, mengi yanakupita.

Na sio kwamba hakosei. Mid-Ohio mwezi wa saba alikuwa anaongoza mbio ikielekea mwisho, akatoka nje ya barabara kwenye kona kidogo tu, na aliyekuwa nyuma yake ni Scott Dixon mwenzake wa timu ya Ganassi, ambaye alikuwa amechagua kusimama mara mbili tu akibana mafuta siku nzima. Dixon alikuwa na miaka 44, bingwa mara sita, unamwachia mlango ulio wazi mzee kama yule unategemea nini? Akapita akashinda, na huo ukawa msimu wake wa 21 mfululizo wenye angalau ushindi mmoja. Detroit nako Palou aligongwa na David Malukas akaishia ukutani. Kwahiyo jamaa ni binadamu, ila akikosea leo wiki ijayo anarudi vilevile kama hakuna kilichotokea.

"Nielezee ile Indy 500, nililala kabla haijaisha." (msomaji wa Dodoma)

Pole sana, kwa saa zetu ilipangwa kuanza saa moja na dakika 45 usiku Jumapili ya tarehe 25 Mei, mvua ya rasharasha ikaichelewesha, kwahiyo nakuelewa.

Vituko vilianza kabla hata ya bendera ya kijani. Scott McLaughlin wa timu ya Penske akiwa anayumbisha gari kupasha matairi moto nyuma ya gari la kuongoza, mbio hazijaanza kabisa, likamponyoka akagonga ukuta na siku yake ikaishia pale. Hebu fikiria umejiandaa mwaka mzima halafu unatoka kwenye mzunguko wa kupasha moto. Aliyeanza wa kwanza alikuwa Robert Shwartzman, mgeni kabisa, timu yake ya Prema nayo ndio mwaka wake wa kwanza, aliweka wastani wa maili 232.790 kwa saa kwa mizunguko minne, ambayo ni kama kilomita 375, na mgeni hajawahi kufanya hivyo tangu Teo Fabi mwaka 1983. Ila kwenye mbio akiingia piti gari likateleza likawavaa mafundi wake mwenyewe, akaaga.

Mwisho sasa. Marcus Ericsson aliyeshinda 2022 anaongoza, Palou yuko nyuma yake, na mbele yao wote kuna magari mawili yaliyochelewa mzunguko ambayo hayataki kusogea. Pale Indianapolis gari lililo mbele linakukatia upepo, ukiwa nyuma unakwenda kasi na unatumia mafuta kidogo, kwahiyo kuongoza sio lazima kuwe raha. Wengi tulijua Palou atasubiri mpaka mzunguko wa mwisho kabisa. Hakusubiri! Ikiwa imebaki mizunguko 14 alijichomeka ndani kwenye kona ya kwanza akapita, halafu akajificha nyuma ya yale magari mawili, yanamkatia upepo yeye, Ericsson nyuma anatafuta pa kupita hapaoni. Mzunguko wa mwisho Nolan Siegel akagonga ukuta, ikatoka bendera ya njano, yaani hakuna tena kupitana, basi. Palou akasimamisha gari akashuka akaanza kukimbia barabarani kwa miguu kama mtoto aliyeona mama karudi na mfuko. Mhispania wa kwanza kushinda Indy 500, na kumbuka huko nyuma hajawahi kushinda hata mbio moja ya duara! Hundi yake ilikuwa zaidi ya dola milioni 3.8.

Ericsson masikini hata ule upili hakubaki nao. Ukaguzi baada ya mbio uligundua vifaa vilivyobadilishwa bila ruhusa kwenye gari lake, akashushwa mpaka nafasi ya 31, Malukas akapanda wa pili na O'Ward wa tatu.

"Ni kweli Penske waliiba? Na yeye si ndio mwenye ligi?" (mdau wa Nairobi)

Swali hili limeulizwa na wengi, na maswali mengine yote mazuri ila hili ndilo lenye pilipili. Ndio, Roger Penske ana timu, na tangu 2020 ana ligi yenyewe na uwanja wa Indianapolis pia. Sasa siku ya kutafuta nafasi za kuanzia, Mei 2025, ikaonekana gari la Josef Newgarden na la Will Power, madereva wake, lile pande la nyuma linalofyonza kishindo likigonga ukuta, wamelijaza na kulilainisha kwenye maungio yake. Hicho ni kifaa cha kiwanda, sheria inasema usikiguse. Faida ya upepo pale labda ni kiduchu, lakini kwa kasi ile kiduchu nacho kina bei.

Wote wawili wakapelekwa mwisho wa mstari, nafasi ya 32 na 33, faini dola laki moja kila gari, na Penske akawafukuza mabosi watatu akiwemo Tim Cindric aliyekuwa naye miaka mingi. Newgarden alikuwa anatafuta ushindi wa tatu mfululizo wa Indy 500, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kufanya. Na kilichowachoma watu ni kwamba mwaka mmoja tu nyuma, St. Petersburg 2024, huyohuyo Newgarden alinyang'anywa ushindi kwa sababu kitufe cha kuongeza nguvu kwenye gari lake kilikuwa kinafanya kazi wakati kimefungwa kwa wenzake. Mara moja unasema bahati mbaya, mara mbili watu wanaanza kukuangalia mfukoni.

Mimi maoni yangu, adhabu ilikuwa sawa, lakini mwenye timu kuwa mwenye ligi ni mpangilio mbovu hata kama mzee ni msafi namna gani. Baadaye wakakubali wenyewe kwamba usimamizi wa sheria utolewe kwenda kwa chombo kinachojitegemea. Walichelewa.

"Kama Palou ni mkali hivyo mbona haendi F1?" (msomaji wa Kigoma)

Bingwa wa IndyCar anapata pointi 40 za leseni ya F1, kwahiyo karatasi sio shida. Shida ni viti, vile ni 20 tu hapo 2025, na vizuri havizidi vinane. Alishajaribu gari la F1 la timu ya McLaren kwenye mazoezi ya Austin 2022, akasaini nao kuwaendeshea IndyCar, halafu 2023 akabadili mawazo akabaki Ganassi. Wakampeleka mahakamani London, na Januari 2026 akaamriwa kuwalipa zaidi ya dola milioni 12. Mataji manne, 2021, 2023, 2024 na 2025, halafu bili kama hiyo. Lakini wewe ungehama Ganassi?

"Kuna weusi au Waafrika huko?" (mdada wa Kampala)

Wachache mno dada. Willy T. Ribbs alikuwa mweusi wa kwanza kuanza Indy 500, mwaka 1991, na George Mack akafuata 2002. Kutoka bara letu, Tomas Scheckter wa Afrika Kusini alishinda mbio za IndyCar za Michigan mwaka huohuo wa 2002. Wa sasa wa kumfuatilia ni Myles Rowe, Mmarekani mweusi, bingwa wa USF Pro 2000 (ligi ya chini ya kukuza madereva) mwaka 2023, na 2025 alikuwa Indy NXT, ngazi moja tu chini ya wakubwa. Tatizo lake na la wengi ni wadhamini, kipaji anacho.

"Mbona wanakunywa maziwa badala ya shampeni?" (kijana wa Zanzibar)

Louis Meyer alikunywa baada ya kushinda Indy 500 mwaka 1936, wafugaji wakaona tangazo la bure, ikawa desturi. 1993 Emerson Fittipaldi akatangulia na juisi ya machungwa kwa sababu ana mashamba ya machungwa, Wamarekani wakamzomea mpaka leo hawajamsamehe.